Masaa Thelathini na Moja Hadi Perth

Ukimwuliza Mama Tiketi ni mbali kiasi gani kutoka Nairobi mpaka London, hakukujibu upesi. Alikuuliza kwanza wewe unatoka wapi. Ukisema unatoka Kachibora, alivuta karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe, akavaa miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, akaanza kuandika. Kachibora mpaka Kitale, saa moja, na mvua ikinyesha tusidanganyane. Kitale mpaka Nairobi kwa barabara, saa nane. Kukaa uwanja wa ndege kabla ya kuondoka, saa tatu. Ndipo alipofika kwenye ndege yenyewe.

"Ndege ni masaa nane na nusu, tisa," alisema. "Lakini hiyo ndege haitoki Kachibora."

Nilikuwa ofisini kwake siku kijana mmoja wa mtaa wa Tuwan alipoingia na simu mkononi. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi Doha.

"Niaje, mathe. Si hii simu inasema ni masaa tano tu?"

"Simu yako inahesabu kutoka wapi?"

"Nairobi."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Si hapa Tuwan."

"Basi ipatie simu pasipoti iende yenyewe."

Kijana alicheka, akaketi, akaandikiwa karatasi yake kama watu wengine wote.

Niliishi jirani na Mama Tiketi miaka tisa. Nilikuwa nimetoka Bungoma kuja kufundisha shule ya msingi Kitale, na chumba nilichopanga Tuwan kilipakana na nyumba yake, ukuta kwa ukuta. Ofisi yake ilikuwa mjini, chumba kimoja cha chini kati ya duka la dawa za mifugo na kinyozi. Humo ndani mlikuwa na meza, viti vitatu, kompyuta iliyochelewa kuamka, na harufu ya tangawizi, kwa sababu alikuwa akinyonya vipande vya tangawizi mbichi kutwa nzima. Mji mzima ulimwita Mama Tiketi. Hata mchungaji wake alimwita hivyo madhabahuni.

Alijua miji ambayo hakuwahi kuiona kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake. Alijua kwamba Doha ni kilomita elfu tatu na mia tatu hivi kutoka Nairobi, na kwamba Toronto ni zaidi ya elfu kumi na mbili. Zaidi ya hapo, alijua choo kiko upande gani ukishuka Amsterdam na ni uwanja gani wenye baridi ya kukutesa mabega. Haya hakuyapata kwenye kompyuta. Kila abiria wake aliyerudi nyumbani alijua kwamba ana deni la kupita ofisini, aketi, anywe chai, na aulizwe. Foleni ilikuwa ndefu? Walikuuliza nini? Ulitembea dakika ngapi kutoka ndege ya kwanza mpaka ya pili? Majibu aliyaandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Abiria aliyefuata alisafiri kwa miguu ya aliyetangulia.

Kwa watu ambao saa za kwenye karatasi haziwaambii kitu, alikuwa na vipimo vingine. Mkulima aliambiwa Dubai ni sawa na kuingia shambani alfajiri na kupalilia mpaka jua likusimamie kichwani. Mama yangu aliambiwa kwamba Nairobi mpaka Ulaya ni ibada tatu za Jumapili zikifuatana, zote ziwe na askofu.

Mama yangu ndiye aliyenifanya nimjue Mama Tiketi kwa undani, kwa hiyo niseme habari hiyo. Kaka yangu aliyekuwa Toronto alikuwa karibu kupata mtoto wa kwanza, na alitaka Mama aende akakae na mkewe. Mama hakuwa amewahi kufika hata Nakuru peke yake. Nilimleta Kitale kutoka kwetu upande wa Lugulu, akiwa na kikapu cha kuku hai cha kumpelekea mtu asiyemjua, nikamketisha mbele ya ile meza.

Kaka alikuwa amechagua tiketi mtandaoni, ya haraka, yenye saa moja tu ya kubadilisha ndege. Mama Tiketi aliitazama, akaisukuma pembeni. Akampigia kaka yangu simu pale pale.

"Hii ya saa moja ni ya mtu anayekimbia akisoma mabango," alimwambia. "Mama yako atapewa masaa matano."

Nilimsikia kaka akibishana kwamba mama atachoka kukaa uwanjani.

"Achoke," alisema Mama Tiketi. "Kuchoka si kupotea. Wewe uko Toronto, mimi ndio niko na yeye hapa."

Kaka alikasirika. Akanitumia ujumbe kwamba yule mama anajifanya anajua kila kitu. Lakini tiketi ilikatwa ya saa tano.

Kisha likaja jambo ambalo Mama alilisimulia mpaka watu wakalichoka. Mama Tiketi alimwandikia kadi kwa Kiingereza, ikimwomba msomaji amwelekeze mwenye kadi kwenye geti la ndege ya Toronto. Akamwambia asimame, watoke nje, wafanye mazoezi. Mama alidhani ni mzaha. Walitoka mpaka barabarani katikati ya mji, na Mama akaamriwa kusimamisha watu asiowajua, awasalimie, awaonyeshe kadi bila kuinamisha macho.

"Mimi nitaambia mutu wa Kitale anionyeshe Toronto?" Mama aliuliza.

"Ukiweza kumuuliza huyu bila kuona haya, huko hautaona haya."

Mwanamume wa kwanza aliisoma kadi, akamtazama Mama, akaniuliza mimi kama huyu mama ni mzima wa akili. Wa pili alikuwa mwuza mitumba, naye akajibu kwa heshima zote kwamba Toronto hajui, labda waulize steji ya magari. Kufikia mtu wa sita, Mama alikuwa amenyoosha mgongo na anaanza yeye kwa "habari yako". Jioni akauliza swali lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi.

"Sasa nikirara kwa ndege, nani ataniamusha tukifika?"

"Kila mtu atasimama," Mama Tiketi alimjibu. "Hata ukitaka kulala hawatakuacha na hiyo kelele yao."

Mama alifika Toronto salama. Mwanamke aliyekuwa akisukuma ndoo ya kusafishia sakafu aliisoma ile kadi, akacheka kidogo, akaacha ndoo na kumshika mkono mpaka getini. Habari hiyo nayo iliingia kwenye daftari la bluu.

Sasa, mtu anayesoma haya anaweza kudhani Mama Tiketi alikuwa mwanamke wa kufuata saa. Hakuwa. Mambo yake mwenyewe aliyachelewa yote. Abiria aliyetakiwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi aligongewa mlango saa kumi, lakini yeye aliingia kanisani mahubiri yakiisha na arusini keki ikikatwa. Siku ya mkutano wa chama chetu cha wanawake wa mtaa tulimwambia saa nane ili aje saa tisa na nusu, naye akagundua ujanja huo, akawa anakuja saa kumi.

Tena hakuwa amewahi kupanda ndege. Miaka yote ile ya kukatia watu tiketi, hakuwahi kutoka ardhini. Benki ilipohamisha kaunta yake kwenda ghorofa ya kwanza, alinipa mimi karatasi zake nimpelekee.

"Mimi na ngazi hatuelewani," aliniambia, akitazama kwingine.

Nilimtania mara moja kwamba ni kama mpishi asiyeonja chakula chake. Hakucheka. Alisema tu kwamba mpishi akianguka, anaanguka kutoka kimo chake mwenyewe.

Kulikuwa na abiria ambao hakuwatania wala kuwahesabia ibada za kanisani. Hao walikuwa wasichana waliokwenda kufanya kazi za nyumbani nchi za Ghuba. Walikuja na mama zao, wamesukwa upya, na mama hao waliuliza swali moja: ni mbali? Aliwaambia kwamba kwenda ni saa tano na kurudi ni miaka miwili. Alilisema polepole, akimtazama mama usoni, ili asije akasema baadaye kwamba hakuambiwa. Kisha alimfundisha msichana kuikariri namba ya simu ya nyumbani kwa kichwa, tarakimu baada ya tarakimu, hata kama imeshaandikwa sehemu tatu. Wengine alikataa kuwakatia tiketi kwa sababu hakuridhika na wakala aliyewatuma. Walikwenda kukata kwingine. Majina yao aliyaandika pia, nyuma ya daftari, na mmoja wao aliporudi akiwa amekonda, alikwenda kumlaki steji kama angemlaki mtoto wake.

Mtoto wake mwenyewe hakuwa naye. Alikuwa na mdogo wake wa kike, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha uuguzi. Huyo mdogo alikwenda kufanya kazi Perth, Australia, akazaa binti huko na kumlea peke yake. Kila Jumapili alasiri simu ililia upande wa pili wa ukuta wangu, nami nikasikia Mama Tiketi akicheka kicheko ambacho ofisini hakuwa nacho.

Perth ndio mji aliouzungumzia zaidi na kuuandikia karatasi mara nyingi zaidi. Ukivuta mstari juu ya bahari, aliniambia, ni karibu kilomita elfu tisa kutoka Nairobi. Lakini hakuna ndege ya kwetu inayoufuata mstari huo. Unapanda kwanza kaskazini mpaka Doha, halafu unageuka na kushuka kusini kwa saa kumi na moja, unaivuka bahari ambayo ungeivuka mapema kama ungeenda moja kwa moja.

"Yaani unarudi nyuma ndio ufike mbele," alisema. "Si ni kujisumbua bure."

Mdogo wake alipougua saratani, alimwomba aje. Mama Tiketi aliomba viza, akapewa. Akajikatia tiketi, ya kwanza maishani, ya mwezi wa pili. Mwezi wa pili ulipokaribia, aliisogeza mpaka wa nne kwa sababu ya wanariadha wa Cherangany waliokuwa wakisafiri. Akaisogeza tena mpaka wa sita. Safari hii alisema ni mvua, kwamba ofisi inavuja. Nilijua si mvua. Nadhani alijua kwamba najua. Daktari wa Perth alikuwa amesema kuna miezi, na mtu akiambiwa kuna miezi, huona ana nafasi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, shule zimefungwa likizo ya Aprili. Saa moja na nusu asubuhi alinigongea ukuta. Nilimkuta jikoni, amesimama, simu mkononi. Binti wa mdogo wake, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa amepiga kutoka hospitali. Hali ilikuwa imegeuka ghafla. Daktari alisema haoni kama mgonjwa atapita kesho.

Mama Tiketi aliketi, akavuta karatasi ya kalenda. Nilimtazama akiandika. Kitale mpaka Nairobi, nane. Uwanjani, mbili. Mpaka Doha, tano. Kusubiri Doha, tatu. Mpaka Perth, kumi na moja. Kutoka uwanjani na kufika hospitali, mbili. Alijumlisha. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu.

"Thelathini na moja," alisema. "Nikitoka saa mbili hii, niko kwake kesho saa tisa mchana."

"Nenda tu," nilimwambia. "Nitakufungia nguo."

"Mwalimu, kaa kwanza." Aliweka kidole juu ya ile kumi na moja. "Hapa sitasikia kitu. Na hapa kwa hii tano, sitasikia kitu. Hayo ni masaa kumi na sita niko juu na hakuna mtu ananiambia kama yuko ama hayuko. Na yeye akiniita hanipati."

"Lakini kama atangoja?"

"Na kama hatangoja?"

Alikaa akiitazama ile karatasi, ameishika kwa mikono iliyokuwa imewaandikia watu wengi mno njia za kwenda. Aliniambia neno moja tu juu ya mwezi wa pili. Alisema, "Tiketi ilikuwa hapa." Kisha akampigia yule msichana, akamwambia aiweke simu kwenye mto, karibu na sikio la mama yake, na asiikate.

Hakwenda. Siku nzima aliongea. Aliongea na mdogo wake habari za ng'ombe wa jirani aliyeingia kanisani, za mwalimu wao wa shule aliyekuwa na jino moja la dhahabu, za unga uliopanda bei, za nani ameolewa na nani ameachwa. Mara nyingine alinyamaza wakasikilizana wakipumua. Mchana umeme ulikatika na chaji ikaanza kuisha, nikampa simu yangu, nikaichukua yake nikakimbia nayo kwa kinyozi wa karibu aliyekuwa na jenereta. Jioni nilimwachia ugali na mboga mezani, nikaenda kwangu. Hakutaka mtu akae naye.

Asubuhi yake nilirudi saa nne. Simu ilikuwa mezani, imezimwa. Chakula kilikuwa pale pale. Mdogo wake alikuwa amefariki dakika chache kabla.

"Saa hii ningekuwa juu ya bahari," Mama Tiketi aliniambia. "Bado masaa matano."

Alilia baadaye, wakati wanawake wa mtaa walipoingia. Mbele yangu alikuwa mkavu kama mti.

Ibada ya ukumbusho ilifanywa nyumbani kwao, upande wetu wa Bungoma, kwa maana mwili ulizikwa Perth. Hapo ndipo kaka yao mkubwa alipopewa nafasi ya kusema. Alimsifu marehemu vizuri, kisha akasema mbele ya watu wote kwamba katika familia yao kuna mtu anayewapandisha wengine ndege kila siku, lakini ilipofika zamu ya damu yake, tiketi ilimshinda. Watu waliinamisha vichwa. Mama Tiketi alikuwa mstari wa pili, na kwa mara ya kwanza alikuwa amefika mapema. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilijua habari ya ile karatasi, nilijua saa tano zilizobaki, na ningeweza kusimama nikasema. Sikusimama. Nilijiambia kwamba mimi ni jirani tu, mambo ya familia hayanihusu. Mpaka leo nikikumbuka mgongo wake siku ile, sweta lake la kijani na uzi wa miwani, naona aibu.

Mwezi wa sita alipanda ndege. Ile tiketi ilikuwa bado inafaa, na msichana alikuwa peke yake huko. Nilimsindikiza mpaka Nairobi. Mtu aliyekuwa akiwashika wengine mikono alinishika mimi mkono, asiuachie mpaka mlangoni. Alikaa Perth wiki sita. Aliporudi, nilipita ofisini na kumwekea chai mbele yake, nikamwuliza kama alivyokuwa akiwauliza wengine. Foleni ilikuwa ndefu? Walikuuliza nini?

Alivuta daftari la bluu, akalifungua.

"Ni refu kuliko nilivyokuwa nawaambia," alisema. "Masaa ni yale yale. Lakini ni refu."

Tangu siku hiyo alibadilika kidogo. Bado aliandika karatasi, lakini alianza kuuliza swali jipya: unakwenda kumwona nani, na anaendeleaje? Ukimjibu kwamba ni mzazi na ni mgonjwa, hakukuruhusu kusogeza tarehe. Mwanamume mmoja aliyetaka kungoja mpaka avune mahindi alifokewa mpaka kinyozi wa mlango wa pili akaja kuchungulia. Mwanamume yule alisafiri wiki hiyo hiyo. Yeye mwenyewe hakuacha kuchelewa kanisani.

Mimi nilihamishwa kurudi Bungoma, na kompyuta za watu wote zikaanza kukata tiketi zenyewe. Nilisikia kwamba amefunga ofisi na kwamba watu wanamfuata nyumbani Tuwan na simu zao, wakitaka awaambie kama walichokichagua kitawafikisha. Tulipigiana Krismasi na Pasaka. Kuonana kukawa shida, ingawa Kitale na Bungoma ni saa mbili tu, na angenikumbusha kwamba saa mbili hizo ni za gari tu.

Mwaka jana nilikuwa sokoni Bungoma nikinunua viazi nilipomwona. Alikuwa amepungua mwili na ameota mvi zote. Pembeni yake alisimama msichana mrefu aliyevaa viatu vya kukimbilia. Alinitambulisha: huyu ndiye yule wa Perth, sasa ni mwuguzi kama mama yake, amekuja kuona kwao kwa mara ya kwanza tangu utoto. Walikuwa wanatoka kumsalimia mjomba, yule kaka mkubwa. Tuliingia hoteli ya karibu, tukaagiza chai na mandazi.

Msichana aliongea Kiswahili cha kuchagua maneno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alisema mjomba amempokea vizuri lakini alikuwa amerudia yale maneno ya tiketi, akicheka, kana kwamba ni hadithi ya kuchekesha. Hapo nilisema nilichopaswa kusema miaka ile. Nilimweleza msichana juu ya ile karatasi na ile thelathini na moja, na nikamwomba Mama Tiketi msamaha kwa kunyamaza kwangu siku ya ukumbusho.

Mama Tiketi alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

"Wewe usijisumbue, Mwalimu. Mimi nina langu kubwa kuliko hilo." Akamtazama msichana, kisha akanitazama mimi. "Asubuhi ile ya mwisho mdogo wangu alikuwa haulizi tena mambo ya nyumbani. Alikuwa anauliza kitu kimoja tu. 'Dada, umefika wapi?' Nikamwambia, niko Kitale. Anakaa kidogo, anauliza tena, umefika wapi. Namwambia, niko Kitale, niko na wewe hapa kwa simu. Mara ya nne nikashindwa. Nikamwambia, nimefika. Niko hapa nje, nafungua mlango."

Mtu aliyekuwa meza ya jirani aliita chapati.

"Mimi, Mwalimu. Ambaye sijawahi kumpunguzia mtu hata dakika kumi. Akaniita, 'Dada.' Halafu hakusema kitu kingine. Sasa miaka yote hii nalala nikijua nilimdanganya mtu anakufa, alitazama mlango na hakuna mtu aliingia."

Msichana alikuwa ameweka kikombe chini.

"Anti," alisema. "Mimi nilifungua."

"Ulifungua nini?"

"Mlango. Ulisema unafungua mlango, na Mama akageuza uso akaangalia. Ulikuwa umefungwa. Nikaona ataendelea kuangalia. Basi nilitoka kwa mlango mwingine, wa bafu, unaenda nje. Nikazunguka. Nikafungua ule mlango mkubwa, nikaingia polepole. Dirisha la korido lilikuwa nyuma yangu na mwanga, sidhani aliona sura. Nikamshika mkono. Ndiyo akasema Dada."

Mama Tiketi alikiweka kijiko mezani.

"Hukuniambia. Wiki sita tulikaa pamoja na hukuniambia."

"Niliogopa utakasirika. Nilichukua nafasi yako."

Mama Tiketi alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Ulimshika kwa muda gani?" aliuliza.

"Sijui. Mpaka mwisho. Nusu saa, labda."

"Nusu saa," alirudia, taratibu, kama anaiandika. "Mkono gani?"

Msichana aliunyoosha wa kulia juu ya meza, kati ya vikombe. Mama Tiketi aliuchukua kwa mikono yake miwili. Aliutazama juu, akaugeuza akautazama kiganja, akaufunika. Wakakaa hivyo. Chai ikapoa, na mimi nikawa natazama barabarani ili nisiwe katikati yao.

Mhudumu alikuja akasimama karibu. Alisema kuna watu wanangoja meza, akauliza kama sisi tunaondoka.

"Bado," alisema Mama Tiketi, bila kuuachia ule mkono.